Tulikuwa kwa rehearsal ya tanzia Mumbuni, mama akaita mwanawe mara tatu

Wakuu, habari za mchana. Hii kitu sijawahi kuiandika popote. Nilikuwepo, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Machakos. Mwaka jana niliandikia kikundi chetu cha kanisa, pale Mumbuni, mchezo wa tanzia. Ndugu wawili: mmoja anakufa, mwingine anajua sababu na ananyamaza.

Huwa naambia wanafunzi tanzia haifichi. Onyesho la kwanza linakuwekea kila kitu mlangoni. Kwa hivyo nilifungua hivi: mama anapakua chakula sahani mbili, anaita wana wake, mmoja pekee anaitika.

Basi. Dakika moja tu na mtazamaji ashajua kuna kifo, kuna hatia, na kuna nyumba haitaki kuongea.

Role ya mama alichukua Mama Kioko, fundi wa nguo. Mwana aliyebaki akawa Musyoka, mwanawe wa kuzaa.

Kioko mwenyewe, kifungua mimba, alifukiwa na mchanga mtoni miaka miwili kabla ya hapo, akichimba na wenzake mchanga wa kuuza. Tulimzika Kathiani.

(Najua mtauliza mbona nikampa hiyo role. Aliiomba mwenyewe. Nikadhani itamsaidia kulia.)

Rehearsal ya nne ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, ndani ya holi sisi watatu tu.

Mama akapakua. Akaita jina la yule marehemu wa kwenye skripti, "Ndolo!" Kimya, vile niliandika.

Akaita tena. Hiyo haikuwa kwa skripti, lakini nikamwacha. Ilikuwa inaingia vizuri.

Mara ya tatu akaita, "Kioko!"

Nyuma ya pazia mtu akajibu, polepole, kama ametoka usingizini: "Nakuja, mwaitu."

Mwaitu ni vile sisi Wakamba tunaita mama. Na hiyo sauti, wakuu, sote watatu tuliijua.

Nilikimbia nikavuta pazia. Viti vya plastiki vimepangwa, basi. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, tena kwa nje.

Kurudi nikapata Musyoka amepiga magoti.

"Mwaitu, ile siku ilikuwa zamu yangu. Nilimdanganya niko mgonjwa, akaenda badala yangu. Mimi nilikuwa kwa mpira."

Mama hakupiga kelele. Alimwangalia mpaka mimi nikaona haya.

"Miaka miwili unakula kwangu na hii maneno iko mdomoni?"

Akatoka.

Hakumsemesha msimu mzima wa mvua, na Musyoka akawa amehama kwake. Halafu asubuhi moja akampigia simu, aje wavune maharagwe. Walivuna bila kuongea, Musyoka aliniambia, lakini walivuna pamoja. Siku hizi Musyoka anasema usingizi umerudi.

Mchezo hatukuuonyesha.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa nafundisha mwanzo wa tanzia kama ufundi tu. Kumbe ukiweka kifo na hatia mlangoni, kuna mtu anaishi ndani ya hiyo nyumba. Sasa kabla sijampa mtu maneno ya kwanza, nakaa naye, namuuliza kwao kukoje.

Walimu na waigizaji mlio humu, nyinyi mngeendelea na huo mchezo?

Na ile sauti, mwenye maelezo aniambie. Lakini tafadhali msiniambie ilikuwa mwangwi. Mwangwi hurudisha kile umesema. Haukuitikii.