Mshono wa Mla-Nyayo

Kwa miaka thelathini na miwili fundi makochi alifanya kazi ambayo watu waliikalia. Hakuna mgeni aliyewahi kuinuka kitini akageuka kuusifu mshono. Basi mpwa wake alipomwomba amshonee dubwana la filamu, kisha alivae mwenyewe kwa kuwa waigizaji walikuwa wamekwisha, fundi alikubali kabla kijana hajamaliza kusema. Hatimaye kazi yake ingetazamwa.

Mpwa alimweleza. Filamu ingejifanya mkanda uliookotwa: vijana watatu wanaingia msituni na kamera, wanapotea, inabaki kamera peke yake. Anayewapoteza ni Mla-nyayo, dubwana la hadithi za bibi, lirambalo nyayo za watu wasipate njia ya kurudi. Mfuko ulikuwa umetoboka, kwa hiyo msitu wenyewe ulikuwa vichaka vitano nyuma ya karakana ya mbao.

Fundi alishona siku tisa. Alipata kitambaa kizito chenye manyoya ya kahawia, alikokipata hakusema, akakipaka tope. Mgongoni akapitisha mshono wa mara mbili, ule anaowawekea wateja wagumu.

Tabu ilianza kwenye kupiga picha. Dubwana lilitakiwa lipite mbio, lionekane kufumba na kufumbua. Fundi akapita taratibu, akasimama, akageuka kuonyesha mgongo, na kabla ya kuvuka dimbwi akapandisha pindo.

"Mjomba, wewe ni dubwana," mpwa alisema. "Dubwana halikunji nguo."

"Pindo likilowa linavuta," fundi akajibu kutoka ndani ya kichwa cha manyoya. "Na nikikimbia, nani atauona mgongo?"

Walirudia mara sita. Ya saba betri ikakata roho, ikabidi kilichopo kitumike.

Siku ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa ndugu na majirani, mapazia yamefungwa kuzuia jua la mchana. Fundi alikaa mbele na mkewe. Mwanzoni watu walicheka kila kamera ilipotikisika. Halafu Mla-nyayo akatokea. Hakuwa na haraka. Akasimama, akageuka polepole, akapandisha pindo kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Kicheko kikakatika. Ndipo mke wa fundi akapiga ukelele, na safu yote ya nyuma ikatimkia mlangoni, mwalimu mkuu akiongoza.

Mpwa nusura alie kwa furaha. Fundi akamwinamia mkewe amtulize, kumbe mama wa watu hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa ameukodolea macho mgongo wa dubwana.

"Baba watoto, kochi langu," alisema. "Lile uliloniambia linapigwa rangi miguu."

"Umelijuaje, na tope lote lile?" fundi akauliza.

"Mshono. Ni ule ule wa kochi langu. Nani mwingine anashona hivyo?"

Fundi alijua kwamba nyumbani angekaa sakafuni kwa muda mrefu. Hata hivyo alijiegemeza kitini, akamwomba mpwa wake arudishe nyuma kidogo, pale pa mgongo.