Shahidi Aliyekula Vumbi

Nilikuwa nachambua maharage uani kwangu, mtaani Mfaranyaki, binti yangu alipochomoka chini ya gari lake la mashindano, simu mkononi, vidole vyeusi kwa grisi.

"Mama, waandaaji wamefilisika! Mbio zimefutwa!"

Zilibaki raundi mbili kati ya tano, na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza.

"Kwa hiyo wewe ndiye bingwa?"

"Nani atanitangaza? Ofisi yenyewe wameifunga."

Mara gari likanguruma getini. Ni mpinzani wake wa mtaa wa Lizaboni, anayeshika nafasi ya pili, aliyemwazimisha gia boksi msimu ulipoanza. Majirani wakajipanga uzioni wakisubiri ugomvi.

"Shikamoo mama. Nimefuata gia boksi yangu."

"Marahaba. Na ubingwa umeufuata?"

Akacheka, akamshika binti yangu mkono uleule wa grisi, akauinua juu.

"Bingwa huyu hapa! Raundi zote tatu nimekula vumbi lake mimi. Mnataka shahidi gani mwingine?"

Vigelegele vikalipuka. Ungo wangu ukapinduka, maana na mimi niliruka.

Tumezoea kumngoja mwenye mhuri atuambie nani kashinda. Aliyekula vumbi alijua zamani.

Gia boksi waliiteremsha wote wawili jioni ileile. Cha kuazima hurudishwa. Nikasonga ugali, nikahesabu watu mkekani: wanangu watatu, baba yao, mimi na mshindi wa pili. Sita, wote tupo, na mikono minne bado myeusi kwa grisi.