Makofi ya Trizah

Mwalimu Edinah Mogire hakuja Masara kutafuta dhahabu, na hilo peke yake lilitosha kumfanya aonekane mjinga. Alitoka Oyugis, Msabato asiyegusa sufuria Jumamosi, akaja kufundisha watoto wa gredi ya kwanza kukata maneno. Mimi huuza chai na mandazi chini ya dirisha la darasa lake, kwa hiyo gredi ya kwanza nimeirudia mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa hapa.

Kazi yake ilikuwa makofi. Kila silabi na kofi lake: ku-ku, ma-we, mbu-zi. Wakishazoea, aliziba mdomo kwa kitabu ili waache kutazama midomo, wasikilize. Neno hili linaanza na sauti gani? Watoto wa wachimbaji, ambao nyumbani hufundishwa matusi tu, walimaliza mwaka wakijisomea maandishi ya pakiti za unga. Hakuna mzazi aliyemshukuru.

Msidhani alikuwa malaika. Edinah ana ulimi mkali, na akikuona mvivu umekwisha.

Mwaka huu alimpata Trizah, binti wa Priscah, mwanamke anayeponda mawe kwenye kresha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Trizah alipiga makofi vizuri kuliko wenzake wote, mpaka kitabu kilipopanda mdomoni mwa mwalimu. Hapo msichana alinyamaza, akabaki anatabasamu. Edinah akaamua hiyo ni dharau.

"Unanichezea?" akamuuliza. "Ukiniona mdomo unajua, nikiuficha hujui?"

Jibu lote lilikuwa ndani ya swali lake, lakini hasira haikumpa nafasi ya kuliona. Darasa likacheka. Akamsimamisha uso ukutani na kumwambia hatakaa chini mpaka akate "samaki" peke yake. Ikawa ndiyo desturi. Wenzake wakisoma, Trizah anatazama matofali.

Alhamisi moja wakati wa uji, Edinah aliwaruhusu wote, Trizah akiwemo, akaenda ofisini. Aliporudi, mtoto bado yuko ukutani, viganja vimeinuliwa tayari kwa makofi.

"Trizah, nimesema toka."

Mwalimu akachukua kiti, akakibamiza sakafuni nyuma ya mtoto. Mimi huko nje nilimwaga chai. Mtoto hakushtuka wala kugeuka. Alikuwa amejikojolea, maji yamemfika kwenye viatu.

Ni sisi tu wa Masara tungeweza kukosea hivyo. Hapa mashine hunguruma tangu alfajiri, na kila mtu huongea kwa kupiga kelele, usoni mwa mwenzake, akimvuta nguo. Mtoto akiwa mbali tunamrushia kijiwe ndiyo ageuke. Trizah alilelewa mgongoni mwa mama yake kando ya kresha. Nani angegundua kwamba hasikii, mahali ambapo sisi sote ni nusu viziwi? Edinah alilia, nami nilifurahi kumwona akilia.

Jioni hiyo alimshika mtoto mkono wakaenda kwa mama yake. Niliwafuata, kwa sababu napenda maneno ya watu.

"Mama Trizah," Edinah alipaza sauti juu ya mngurumo, "huyu mtoto si mkaidi. Masikio yake yameharibika. Tumpeleke hospitali Migori apimwe. Kuna shule za watoto kama yeye, nitakusaidia kutafuta."

Priscah akaweka nyundo chini. "Hasikii?"

"Hasikii."

"Na vile nimemchapa nikidhani ni kichwa ngumu."

Odhiambo, mwenye mashine, alikuwa amesimama karibu. Akacheka. "Basi huyo ndiye mtu wa hapa. Hawa wengine kila siku wanalia kelele, kelele."

Nilingoja Priscah amtukane, maana matusi anayo. Badala yake uso wake ulilegea, kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

"Asante, Mwalimu. Kuanzia kesho hatakuja."

"Mama Trizah, tafadhali. Anaweza kujifunza. Anasoma midomo. Hawa wote hakuna anayemfikia kwa kukata maneno."

"Aende shule akasikie nini? Si ni wewe umesema?" Priscah alimshika mtoto kidevu, akamwelekeza kwa mwenye mashine, kisha akatamka polepole, mdomo wazi, ili Odhiambo naye ashike vizuri ni mfanyakazi wa aina gani anapata. "Huyu hasikii."

Trizah alikuwa ameikodolea macho midomo ya mama yake. Akainua mikono yake midogo, akapiga: ha, si, ki, i. Hakukosea hata kofi moja. Kisha akamgeukia mwalimu wake, anatabasamu, anangoja kusifiwa.

Edinah alimwambia vizuri sana, akarudi shuleni peke yake.