Seli za Namba Kumi na Saba

Maabara nzima ilimwita Mama Sahani, na hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitunza seli za mafuta ya watu kwenye visahani vya plastiki: kuzibadilishia maji ya lishe, kuzitazama kwa darubini, kuzirudisha kwenye kabati la joto. Ukiingia bila glavu alikutoa mbio bila kujali cheo chako. Alikuwa mtu wa kazi hasa, na mdomo anao.

Mdomo huo ndio uliompa mdogo wake jina la Tipa, kama lori la mchanga.

Mdogo wake alianza kunenepa akiwa na miaka kumi na minne, na hakuacha tena. Dada mtu alimpimia chakula, akafunga kabati la jikoni kwa kufuli, akampekua mpaka mifuko ya sketi.

"Sili kwa siri, dada. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo unanenepa kwa kunywa hewa?"

Nyumba nzima ikacheka, na kicheko hicho kiliendelea miaka ishirini.

Halafu Tipa akalazwa kutolewa mawe ya nyongo. Alipoombwa kipande kidogo cha mafuta yake kwa ajili ya utafiti, alitia sahihi haraka, akamgeukia dada yake. "Mimi hamniamini. Basi kayaulizeni mafuta yenyewe."

Miezi minne baadaye moyo wake ulisimama.

Seli zake ziligandishwa kwenye mirija sita, bila jina, namba kumi na saba tu. Mama Sahani peke yake ndiye aliyejua ni za nani.

Kuziuliza hakukuwa kazi ngumu. Ndani ya seli za mafuta kuna protini ambayo pale maabara waliiita nyapara. Ndiyo inayoamuru seli changa ikomae au ingoje, iweke akiba ya mafuta au iyachome. Nyapara akiwa dhaifu, seli hujijazia mafuta ovyo hata kwa lishe ya kawaida. Ilitosha kuzipa seli za Tipa lishe ile ile ya wengine, kungoja siku kumi na nne, kuziua kwa dawa, kisha kuzipaka rangi nyekundu inayong'ang'ania mafuta.

Hakuthubutu. Badala yake akafanya jambo ambalo angemfukuza mtu kazi kwalo: aliyeyusha mrija mmoja ili amwone tu mdogo wake. Mchana, wenzake walipokwenda kula, alizitazama seli zikijinyoosha na kugawanyika, nzima kabisa, na mwenyewe yuko kaburini. Nywele zikamsimama. "Umeamkaje?" akauliza kwa sauti. Ziliishi wiki kadhaa, zikachoka, zikafa. Akayeyusha mrija wa pili, kisha wa tatu, mpaka wa tano. Kila zilipokufa alifiwa upya, na bado hakujizuia. Kwenye mngurumo wa kabati la joto akaanza kusikia pumzi nzito za mtu aliyetoka kupanda ngazi. Akigeuka, hakuna mtu.

Ukabaki mrija mmoja. Wiki hiyo hiyo mkuu wa maabara akaagiza namba zote zipimwe.

Mama Sahani alijikaza. Akapanga visahani vitatu: kimoja cha seli za mtu mwingine, kimoja cha seli za mdogo wake, na cha tatu cha seli za mdogo wake zilizoongezewa nyapara. Siku ya kumi na nne alimimina dawa ya kuziua, akanong'ona, "Nisamehe," akapaka rangi.

Kisahani cha kwanza kilikuwa na madoa machache. Cha pili kilikuwa chekundu tupu, seli zimevimba kwa mafuta, na lishe ilikuwa ile ile, tone kwa tone. Cha tatu kilikaribia kufanana na cha kwanza. Akaketi. Mdogo wake hakuwa ameiba hata tonge. Wao nyumbani ndio waliomlaza na njaa, na juu ya hayo wakamcheka.

Mkuu akaja, akainama kwenye darubini, akapiga mluzi. "Hili si dogo! Huyu mtu mwili wake ulikuwa unamwonea tangu mwanzo. Rudia mara mbili zaidi, tuandike."

"Zimekwisha, Dokta."

"Zimekwishaje? Daftari linasema mirija sita."

"Nilizitumia."

"Kwenye jaribio gani?"

Mama Sahani akavifunika visahani, kimoja kimoja.

Mkuu alivuta pumzi, akalifungua daftari. "Mama, wewe ndiye unayewafundisha wenzako. Jaribio la mara moja, nani ataliamini?"

"Mimi," alisema Mama Sahani, lakini mkuu alikuwa ameshapiga mstari juu ya namba kumi na saba, anasoma kumi na nane.