Kahawa ya Mashine Jikoni kwa Nahodha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunywa vikombe tisa vya kahawa mbovu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne na shati jeupe la kuazima, na nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja ya ukingoni mwa ziwa hapa Mwanza, si mbali na kwetu Kirumba. Msimamizi wa Vinywaji, mtu mfupi wa Moshi aliyenyoa ndevu kila asubuhi hata akiwa likizo, aliniambia vyombo vitanisubiri. Akanisimamisha mbele ya mashine, akaanza kunitengenezea espreso, yaani ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inayotoka maji ya moto yanaposukumwa kwa nguvu kupita kwenye unga ulioshindiliwa.

"Hii ikoje?"

"Chungu, mkuu."

"Kahawa yote ni chungu kwa mtu wa Kirumba. Chungu kama nini?"

Nikafikiri. "Kama kwinini."

"Sasa umeanza kazi. Kunywa na hii."

Iliyofuata ilikuwa chachu kama ndimu. Alikuwa ameiharibu makusudi, kama alivyoharibu zote. Unga ukisagwa mkubwa kama chenga, maji hupita mbio na kahawa hutoka nyepesi na chachu. Ukisagwa laini kama unga wa muhogo, maji hukwama, yakaja tone moja moja, na kinachotoka kinakwaruza koo. Iliyo nzuri hutiririka kwa sekunde ishirini na tano hadi thelathini, nyembamba kama mkia wa panya, na juu yake hukaa povu la rangi ya asali. Msimamizi alisema mtu akishaujua ubovu kwa ulimi, uzuri ataufikia mwenyewe. Jioni ile moyo ulinidunda mpaka mama akaniuliza nimekula nini huko.

Nilikaa naye miaka mitano, ambayo kwangu ni mingi. Sikuumbwa kukaa. Nikisikia honi ya meli bandarini, najiuliza inakwenda wapi na kwa nini simo. Siku moja nilipanda ya Bukoba, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa. Mkubwa wangu huko alikuwa Mkaangaji Mkuu, mama wa Kihaya mwenye mikono inayonuka moshi, aliyetambua kiwango cha mkaango kwa kusikiliza. Buni ikishika moto hupasuka kama bisi. Alisikiliza ule mpasuko akiwa ametazama pembeni, kisha ghafla akasema, "Toa!" Nilipotaka kuijaribu kahawa ya siku hiyo hiyo alinipiga kibao mkononi.

"Kahawa iliyotoka kwenye moto leo ni kama mtu aliyetoka kugombana," alisema. "Haongei la maana. Muache mpaka wiki ijayo."

Ni kweli. Kahawa mpya bado imejaa hewa, na hewa hiyo husukumana na maji ndani ya chujio. Wanaonunua mashine za nyumbani siku hizi hawalijui hilo, wala hawajui kinyume chake, kwamba pakiti iliyokaa wazi miezi mitatu haitoi povu hata uishindilie kwa nyundo.

Baada ya Bukoba nilifanya kazi Musoma, nikaenda Arusha, nikarudi Mwanza kwenye mgahawa wa katikati ya mji. Hapo ndipo mkono ulipogoma. Kazi yetu inaonekana nyepesi, lakini kila kikombe lazima ushindilie unga kwa kifundo cha mkono, kisha uukaze mpini wa chujio kwenye mashine. Fanya hivyo mara mia mbili kwa siku kwa karibu miaka ishirini. Asubuhi moja jagi la maziwa ya moto lilinichomoka likamwagika kaunta nzima. Daktari akasema mishipa ya kifundo imechoka, niache. Meneja wa mgahawa, kijana mstaarabu, akanihamishia kwenye kupokea wageni. Nilivumilia siku sita.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa kuwa mvi ndiyo kwanza zinaingia. Lakini sikuwa najua kitu kingine. Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha wenye mashine ndogo, zile ambazo watoto wao walio nje huwatumia. Nyingi nilizikuta kabatini, zimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake ua la plastiki.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa nahodha mstaafu wa meli za ziwani, mzee wa Kijita, akiishi Buzuruga na mkewe, Mama Magesa. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wa kulia, na mguu ulikuwa unaburuta. Maneno yalitoka polepole ila hayakukosea njia. Tangu augue alikuwa akilishwa, akiogeshwa, akivalishwa. Mwanawe Magesa alipoleta mashine, mzee alisema kahawa yake hatatengenezewa na mtu. Jaribio la kwanza alijimwagia maji ya moto pajani.

Mama Magesa alinipokea mlangoni, akasema nami kwa sauti ya chini. "Baba, mimi sina ubaya na kahawa. Naogopa kumzika mtu kwa ajili ya kikombe. Jumamosi kaka yangu anakuja kutoka Musoma. Kama Baba Magesa hajaweza bila kushikwa, kaka anaondoka na hilo dude."

"Nimesikia," nahodha alisema kutoka jikoni.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, fundi. Leo Jumatatu. Tuanze."

Taabu ya kwanza ni kwamba mashine za nyumbani ni nyepesi. Ukikaza mpini kwa mkono mmoja, mashine nzima inageuka nao, na mzee hakuwa na mkono wa pili wa kuizuia. Nikapendekeza tumwite seremala. Nahodha akanitazama kama niliyempendekezea tule udongo.

"Melini hakuna chombo jikoni kisichofungwa," alisema. "Mama Magesa! Ile kamba ya manila."

Tuliipitisha kamba chini ya meza na kuzungusha kitako cha mashine. Fundo alilifunga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno. Nililijaribu kwa nguvu zangu zote, halikusogea. Mpini tuliuegemeza kwenye pengo la kibao cha kukatia mboga, naye akaushindilia unga kwa kuulalia kwa uzito wa bega. Nilikaribia kumwonea wivu. Laiti ningalijua kutumia bega miaka ile, kifundo changu kingalikuwa kizima.

Siku ya Jumatano kahawa ilitoka, ila chachu. Ya Alhamisi ilikuwa bora. Lakini Alhamisi hiyo, alipokuwa anakaza mpini na nikaona unapinda, kidole changu kiliufuata bila kuniuliza.

"Fundi. Umeshika."

"Kidogo tu, Nahodha."

"Meli ikigusa mwamba kidogo tu, imegusa. Mwaga."

"Kahawa yenyewe nzuri, mzee wangu."

"Ni nzuri, na ni yako. Mwaga."

Nikamwaga. Alianza upya, mikono yangu nimeikalia. Ilimchukua dakika ishirini na jasho lilimtiririka, nami niliteseka kuliko yeye. Miaka yote nilidhani ugumu wa kazi hii uko kwenye kufanya. Ijumaa tukashughulikia maziwa. Nilimweleza kwamba povu la kapuchino, ile kahawa ya maziwa, hutengenezwa maziwa yakiwa baridi kabisa. Unaweka ncha ya bomba la mvuke karibu na uso wa maziwa, nayo yanatoa mlio kama karatasi inayochanwa. Kisha unaizamisha, na unafunga mvuke jagi linapochoma kiganja. Maziwa yakianza moto hayana muda wa kuvimba, yanachemka tu. Yeye aliweka jagi juu ya kigogo kidogo tulichokisimamisha chini ya bomba, akafungua mvuke kwa mkono ule mmoja, akauhamishia kwenye jagi, akaurudisha kufunga. Mara tatu, na mara zote alichelewa.

Jumamosi shemeji yake alifika, mzee wa kanisa mwenye suti ya kahawia, na sanduku tupu la katoni chini ya kwapa. Hakulificha. Aliliweka kando ya mlango akasalimia. Nahodha alinielekeza kwa kidevu nikae kwenye kiti cha kona. "Huyo ni fundi," alisema. "Leo ni mgeni kama wewe."

Alisaga. Alishindilia. Alikaza mpini, kamba ikalia, mashine ikatulia. Kahawa ikashuka nyembamba, nami nikahesabu kimoyomoyo: sekunde ishirini na saba. Shemeji alikuwa amesahau kumalizia sentensi yake.

Hapo Mama Magesa akaleta maziwa. Katika nyumba zetu maziwa ya muuza baiskeli huchemshwa mara tu yanapofika, kisha hukaa kwenye chupa ya chai, na mgeni wa heshima humiminiwa ya moto. Mama wa watu alifanya alivyolelewa. Aliyamimina kwenye jagi, mvuke ukapanda, akatabasamu kwa kaka yake. Niliona. Maneno yalinifika kwenye meno. Kama ningesema, nahodha angekuwa ameshikwa, na katoni lilikuwa pale mlangoni. Kama ningenyamaza, yangechemka na kufurika juu ya mkono wake mzima.

Nahodha alishika jagi ili aliweke kwenye kigogo. Akasita. Akalishika tena, kiganja kizima.

"Mama Magesa. Haya yameshaiva. Niletee ya baridi."

"Baridi? Kwa kaka yangu? Atoke Musoma umpe maziwa baridi kama paka?"

"Ya baridi, mama. Yale ya kwenye friji."

Shemeji akacheka. "Yalete, dada. Paka nimefika."

Karatasi ikachanika, mlio ukazama, jagi likachoma, mvuke ukafungwa kwa wakati wake. Nahodha alimimina. Nusu ya povu ilikaa kwenye kikombe, nyingine kwenye sahani. Shemeji akanyoosha mkono, lakini kikombe kikampita, kikaenda kwa Mama Magesa. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akakunja uso.

"Chungu," alisema. Kisha akanywa tena. Alipoweka kikombe chini alimwambia kaka yake alipeleke lile katoni stoo, wataweka vitunguu.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza mashine ipi ni nzuri. Nawajibu: iliyofungwa vizuri. Wengine huniuliza kama nasikitika kuacha mapema. Asubuhi nyingine, nikiwa nyumbani Kisesa na mke wangu, basi la Musoma linapita barabarani na miguu inawasha kama zamani. Nimeacha kazi nyingi maishani, kila mara kabla ya kuambiwa niondoke. Sijui nilikuwa nakimbia nini.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Buzuruga kwa saa yangu ya kawaida. Nahodha alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Umefuata nini?"

"Kazi, Nahodha."

"Kazi imekwisha. Hapa hatuna haja na wewe tena."

Sijawahi kufukuzwa kazi kwa uso wa furaha kiasi kile. Nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi, fundi? Nimesema kazi imekwisha, sikusema kahawa imekwisha. Kaa."

Nikakaa mezani. Ilimchukua robo saa, kikombe kikaja kimejaa nusu, chachu kidogo. Nikanywa chote, nikaomba kingine.