Mgao wa Kifuko

Katika maabara yetu ya malaria, dada wa hadubini hajui kula peke yake. Chungwa lake hulimenyea kwenye chumba cha chai, taratibu, kwa vidole vinavyonukia sabuni, na kila aliyepo lazima apewe kipande, hata aliyekwisha kukataa. Anayechelewa huwekewa chake kwenye kisahani. Kisha hurudi kuwachungulia vimelea wake, ambao huwaita "wahuni wangu". Ndani ya kila kimelea mna kifuko kidogo; bila hicho hawezi kuishi, wala hawezi kujitengenezea kingine. Lazima akirithi kwa mama. Mama akikaribia kuzaa, kifuko chake huchipua matawi hadi kila mtoto afikiwe, ndipo kinagawanyika. Miaka yote dada anatafuta dawa ya kuvuruga mgao huo.

Jana alinivuta mkono wa koti. "Hebu njoo uone, mdogo wangu."

Nikainama. Watoto walikuwa wamezaliwa, wanene tu kwa nje, lakini kifuko tulichokitia rangi ya kijani kilikuwa kwa mmoja wao peke yake. Wengine hawangefika mbali. Dawa ilikuwa imefanya kazi.

Dada alicheka, akanipiga begani, akatazama tena.

"Wametoka mikono mitupu, maskini," akasema kwa sauti ya chini. Halafu, kama aliyejishtukia: "Wafe tu, wahuni hawa."

Akaenda chumba cha chai. Chungwa la jana lilikuwa dogo. Alilikata vipande vyembamba sana, akatuhesabu kwa macho, kisha akatuhesabu tena.