Wasikilizaji wa Dirishani

Harufu ya ulimbo, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde wa fidla, hunirudisha Thika kila ninapoinusa. Baba alikuwa mwalimu wa muziki, na kila Alhamisi alasiri alikutana na wenzake watatu katika ukumbi wa kanisa kando ya mtaa wa mabanda wa Kiandutu, wapige nyimbo alizozitunga mwenyewe. Hazikuwa na maneno wala hazikuchezeka. Zilipanda, zikasita, kisha zikashuka polepole kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilikuwa darasa la tatu, nami nilizipenda kwa sababu zilikuwa zake. Nje ya madirisha walisimama watu waliotoka kazini: vibarua, wachuuzi, na Mama Akinyi aliyefulia watu nguo, beseni likiwa kichwani. Kwetu sisi hao walikuwa wapita njia tu.

Mwaka ule baba aliamua kwamba muziki wake lazima upate wasikilizaji wa kweli. Aliandika kadi kwa mwandiko wake mzuri, nami nikazipeleka kwa walimu wakuu, kwa wenye maduka na kwenye nyumba zenye mageti. Mwenye duka la vitambaa alinitania kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama akanifariji kwamba mcheza kwao hutunzwa. Siku ilipofika tulipanguza mabenchi yote, akaja mchungaji peke yake, akaomba, akatoka kabla ya wimbo wa pili. Baba alisema atajaribu mara moja tu tena. Watu wa kwao wakimkataa, ataifungia fidla sandukuni na hataandika tena. Hakuwa mtu wa vitisho, na niliogopa sana, maana nyumba yetu bila ile sauti sikuweza kuiwaza.

Mara ya pili mabenchi yalikuwa matupu vilevile. Nilitoka nje nikilia, nikakuta watu wamejaa madirishani, wengine wamebeba watoto mgongoni. Nilimuuliza Mama Akinyi, kwa hasira ya kitoto, kwa nini hawaingii.

"Huko ndani ni kwa watu wameitwa, mtoto wangu," akasema. "Sisi hatukupata kadi. Lakini ambia mwalimu apige ile ya Alhamisi, ile ya kulia-lia. Hiyo ndiyo tunangoja."

Aibu niliyoiona siku ile ningali nayo. Tulikuwa tumezunguka mji mzima tukitafuta watu, na waliozijua nyimbo zetu tuliwapita nje ya ukumbi kila wiki. Nilimnong'onezea baba. Aliwaambia wenzake wageuze viti, wakayapa mabenchi mgongo na kuyaelekea madirisha. Walipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mama Akinyi alitua beseni lake chini, akasema, "Rudia, mwalimu." Baba alirudia huku machozi yakimtoka, na sikumwona tena na furaha kama ile.

Sasa baba hayupo. Mimi ndiye ninayetunga, na ninaishi katika mtaa wa Kahawa Sukari. Mwezi uliopita mimi na wenzangu tulipiga katika ukumbi wa kupendeza pale Ruiru, wenye viti laini na madirisha ya vioo visivyofunguka. Tangazo lilikuwa limesambaa kwenye simu, wengi wakaweka alama za moyo, wakaandika hongera, wakabaki makwao. Siwalaumu, kwa kuwa siku hizi mtu anaalikwa kila mahali. Lakini natamani, natamani mno, msikilizaji mmoja aliyechoka kwa kazi na aujuaye wimbo wangu kwa kuusikia tu akipita kila wiki. Ndiyo maana Alhamisi nafanyia mazoezi katika chumba kilicho kando ya barabara, madirisha yote wazi. Mama mboga nimemwalika kwa mdomo wangu, na mlinzi wa geti, na wanafunzi wanaopita na visikizi masikioni. Viti nimevigeuza. Nikimaliza ile ya kulia-lia, nakaa kidogo kabla ya kushusha upinde, nikingoja mtu aseme nirudie.